Taasisi ya Vasco da Gama ya Goa na Suala la Lugha ya Wenyeji

Utangulizi

Historia ya taasisi za utamaduni zilizoasisiwa na wakoloni huandikwa aghalabu kwa mojawapo ya njia mbili. Njia ya kwanza ni ya sifa: taasisi huonyeshwa kuwa taa iliyowashwa gizani, nao waasisi wake huhesabiwa miongoni mwa wafadhili wa elimu. Njia ya pili ni ya shutuma: taasisi hiyohiyo huonyeshwa kuwa chombo cha kuwatawala watu akili baada ya miili yao kwisha kutawaliwa. Kila njia ina ukweli wake. Hata hivyo zote mbili zina upungufu mmoja, nao ni kutoipa uzito wa kutosha lugha iliyotumika katika taasisi hizo. Mhakiki anayetaka kuijua taasisi ya utamaduni hana budi kuuliza ni lugha ipi iliyoruhusiwa kunena ndani yake, na ni ipi iliyoachwa kuwa jambo la kunenwa tu.

Makala haya yanakusudia kulichunguza suala hilo kwa kuitazama taasisi moja iliyoanzishwa chini ya utawala wa Wareno huko Goa, pwani ya magharibi ya India. Taasisi hiyo iliasisiwa mwaka 1871 kwa jina la Instituto Vasco da Gama, na mwaka 1963 ikapewa jina la Luís de Menezes Bragança, mwandishi wa magazeti aliyekuwa mpinzani wa ukoloni. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba badiliko hilo la jina, ijapokuwa lilikuwa la haki, halikugusa kiini cha jambo. Taasisi ilikuwa imezaa usomi wa kweli, tena usomi wa wenyeji wenyewe. Lakini ilikuwa imejengwa juu ya dhana kwamba fasihi na elimu ni mambo ya Kireno, na kwamba Kikonkani, lugha ya mama ya walio wengi, ni ya nyumbani, sokoni na shambani.

Lugha katika Goa kabla ya 1871

Wareno waliuteka mji wa Goa mwaka 1510, na mwaka 1556 mtambo wa uchapaji ukaanza kufanya kazi katika Chuo cha Mtakatifu Paulo mjini humo. Jambo la kushangaza kwa anayeijua historia ya baadaye ni kwamba wamisionari wa mwanzo walizithamini sana lugha za wenyeji. Thomas Stephens, Mjesuiti kutoka Uingereza, alitunga kwa Kimarathi utenzi mrefu wa masimulizi ya Biblia uliochapishwa mwaka 1616. Mafundisho yake ya dini kwa Kikonkani yalichapwa mwaka 1622, na sarufi yake ya lugha hiyo ikachapwa mwaka 1640, yeye mwenyewe akiwa amekwisha fariki. Yafaa ieleweke kwamba heshima hiyo ilikuwa na shabaha ya kidini. Hata hivyo ilikuwa heshima ya matendo, kwani lugha ilifanyiwa sarufi na kutiwa katika vitabu.

Hali hiyo haikudumu. Mwaka 1684 Makamu wa Mfalme, Conde de Alvor, alitoa amri kwamba wenyeji waiache lugha yao na kutumia Kireno, nao wakapewa muda wa miaka mitatu kuitimiza. Amri ya namna hiyo haiwezi kutekelezwa na serikali yoyote, kwa maana hakuna askari anayeweza kukaa katika kila jiko kuwasikiliza akina mama wakizungumza na watoto wao. Watu waliendelea kusema Kikonkani. Ila yale ambayo amri ilishindwa kuyatenda katika vinywa vya watu, iliyatenda katika maandishi, kwa sababu lugha iliendelea kuishi huku ikikoseshwa shule na vitabu. Kisha mwaka 1754 uchapaji wenyewe ukapigwa marufuku katika Goa, na mtambo haukurudi hadi mwaka 1821. Kwa muda wa miaka 67 hapakuwa na kitabu kilichochapwa Goa kwa lugha yoyote ile.

Mtu wa kwanza mwenye madaraka aliyelitaja kosa hilo hadharani alikuwa Mreno. Joaquim Heliodoro da Cunha Rivara, aliyekuwa Katibu Mkuu wa serikali ya Goa tangu mwaka 1855, alichapisha mwaka 1858 insha ndefu juu ya historia ya Kikonkani. Katika insha hiyo aliwalaumu watawala waliomtangulia kwa kuidhulumu lugha, akawahimiza vijana wa Goa waifanyie kazi. Ni muhimu kukumbuka tarehe hii. Wakati Taasisi ya Vasco da Gama ilipofunguliwa, miaka 13 ilikuwa imepita tangu hoja ya kukitetea Kikonkani iandikwe kwa Kireno fasaha na mtumishi mkubwa wa serikali hiyohiyo. Kwa hiyo waasisi hawawezi kutetewa kwa kusema kwamba suala hilo lilikuwa halijazuka zama zao.

Kuasisiwa kwa Taasisi

Taasisi iliasisiwa tarehe 22 Novemba 1871 huko Nova Goa, yaani Panjim, mji uliofanywa rasmi kuwa makao makuu mwaka 1843. Aliyeongoza juhudi hizo alikuwa Tomás Ribeiro, mshairi mashuhuri wa Ureno aliyekuwa amekuja Goa kushika wadhifa wa Katibu Mkuu. Mfano uliofuatwa ni ule wa akademia za Ulaya: wanachama wenye elimu wakutane, wasome makala zao, wazijadili, kisha wazichape. Jarida la Taasisi lilitoka kati ya 1872 na 1875, likakoma. Shughuli nazo zikafifia.

Kufifia huko kunastahili kuchunguzwa pamoja na mambo mengine ya mwaka ule. Mwaka huohuo wa 1871 serikali ya Lisbon ililivunja jeshi la Goa baada ya maasi ya askari, na Shule ya Hisabati na ya Kijeshi, iliyokuwa mahali pakubwa pa elimu ya juu kwa vijana wa huko, ikafungwa. Hivyo katika mwaka mmoja Goa ilipoteza shule iliyofundisha vijana na kupata chama cha kuwakutanisha watu waliokwisha soma. Hapana haja ya kudai kwamba kimoja kilikusudiwa kuwa fidia ya kingine. Yatosha kuona kwamba chama cha wasomi kisicho na shule ya kukilisha ni kama mti uliopandwa ndani ya chungu: unaweza kuchanua, lakini hauwezi kutia mizizi.

Jina nalo lina maana yake. Waasisi wangeweza kumchagua mtu wa elimu au wa fasihi, lakini walimchagua nahodha. Vasco da Gama hakuacha kitabu wala shairi. Sifa yake ni ya kuifungua njia ya bahari iliyowaleta Wareno na mizinga yao. Taasisi ya fasihi inapojiita kwa jina la mtu wa namna hiyo inatangaza kwamba elimu yake inatokana na ushindi wa baharini, na kwamba historia ya mahali pale huanza siku jahazi la mgeni lilipotia nanga.

Ufufuo na matunda yake

Sura ya pili ya Taasisi ilianza katikati ya miaka ya 1920. Jarida lake jipya, Boletim do Instituto Vasco da Gama, lilianza kutoka mwaka 1926, na katika kipindi hicho maktaba kuu ya mji, ambayo asili yake ni mwaka 1832, iliunganishwa na Taasisi na kubeba jina hilohilo la Vasco da Gama. Hapa ndipo njia ya shutuma tupu inaposhindwa kueleza ukweli.

Mapinduzi ya mwaka 1910 yaliyoifanya Ureno kuwa jamhuri yalikuwa yamewaondolea Wahindu wa Goa vikwazo vingi vilivyowazuia kushiriki katika maisha ya umma. Miongoni mwa waliofaidika na mlango huo alikuwa Panduronga Pissurlencar (1894–1969), mwanahistoria aliyekuja kuwa mkurugenzi wa hifadhi ya nyaraka za serikali ya Goa. Pissurlencar aliichapisha katika Boletim, kuanzia mwaka 1926, mfululizo wa tafiti juu ya uhusiano wa Wareno na Wamaratha. Kwa muda mrefu Wamaratha walikuwa wameonekana katika maandishi ya Kireno kama maadui tu. Katika tafiti hizo walionekana kuwa dola iliyokuwa na wajumbe, mikataba na mipango yake ya siasa. Hilo si jambo dogo. Msomi mwenyeji, asiye Mkristo, aliingia katika nyumba iliyoitwa kwa jina la nahodha Mreno, akatumia jarida la nyumba hiyo kuonyesha kwamba historia ya eneo lile ilikuwa na wenyewe.

Kwa hiyo hoja kwamba taasisi ya kikoloni haiwezi kutoa ila fikra za kikoloni haina nguvu mbele ya ushahidi huu. Lakini ushahidi huohuo una upande wa pili. Tafiti za Pissurlencar ziliandikwa kwa Kireno, nayo lugha hiyo katika Goa ilikuwa ya tabaka la watu waliosoma, wengi wao wakiwa Wakatoliki wenye mashamba na vyeo. Wakulima na wavuvi ambao mababu zao walitajwa katika nyaraka zile hawakuwa na njia ya kuyasoma yaliyoandikwa. Maudhui yalikuwa yamekombolewa, lakini wasomaji walikuwa bado wale wale. Mwandishi anaweza kubadilisha kinachosemwa bila kubadilisha anayesemezwa, na katika kazi ya fasihi na elimu mambo haya mawili hayana budi kupimwa kila moja kwa kipimo chake.

Kikonkani nje ya mlango

Tofauti hiyo hudhihirika zaidi mtu anapouliza fasihi ya Kikonkani ilikuwa wapi miaka hiyo. Jibu ni kwamba kwa sehemu kubwa ilikuwa nje ya Goa. Jarida la kwanza la Kikonkani lilianzishwa na Eduardo José Bruno de Souza huko Poona mwaka 1889. Tiatr, mchezo wa kuigiza wenye nyimbo ambao hadi leo ndio sanaa ya jukwaani inayopendwa mno na Wagoa wa kawaida, ulianza Bombay mwaka 1892. Kamusi ya Kikonkani kwa Kireno ya Sebastião Rodolfo Dalgado ilichapwa Bombay mwaka 1893. Ya Kireno kwa Kikonkani ikachapwa Lisbon mwaka 1905. Na mkusanyo wake wa methali za Kikonkani ukatoka Coimbra mwaka 1922. Vaman Varde Valaulikar (1877–1946), ajulikanaye kwa jina la Shenoi Goembab na kuhesabiwa baba wa nathari ya Kikonkani cha kisasa, alifanya kazi yake ya uandishi Bombay.

Orodha hii ina funzo. Katika Bombay walikuwako Wagoa maelfu waliokwenda kutafuta riziki: wapishi, mabaharia, watumishi, wapiga muziki na makarani. Hawakuwa na akademia wala mfadhili serikalini. Walichokuwa nacho ni haja ya kusikia lugha yao ugenini, pamoja na senti chache za kununulia gazeti au tiketi ya mchezo. Haja hiyo ndiyo iliyozaa fasihi. Nyumbani, ambako palikuwa na jengo, maktaba, jarida na jina kubwa, lugha ya wengi haikupewa nafasi hiyo.

Msomi anaweza kutoa utetezi kwamba Kikonkani hakikuwa tayari, kwa kuwa kilikuwa na lahaja nyingi na kiliandikwa kwa hati zaidi ya moja: za Kirumi kwa Wakatoliki, Devanagari kwa Wahindu, na hati ya Kikannada kwa wasemaji wa kusini. Ugumu huo ni wa kweli, na haujaisha. Lakini utetezi huu unageuza mambo juu chini. Lugha hazingoji kusanifiwa ndipo zipewe taasisi. Taasisi ndizo huzisanifu. Nyumba iliyokuwa na wasomi wa kutosha kuchunguza mikataba ya karne ya 17 haikukosa watu wa kuketi na kujadili tahajia.

Vigae vya Camões

Mwaka 1935 ukumbi wa kuingilia katika jengo la Taasisi ulipambwa kwa vigae vya rangi ya buluu vilivyochorwa na Jorge Colaço (1868–1942), msanii wa Ureno anayejulikana pia kwa vigae vya stesheni ya São Bento mjini Porto. Michoro hiyo inaonyesha matukio kutoka Os Lusíadas, utenzi wa Luís de Camões uliochapishwa mwaka 1572. Camões mwenyewe aliwahi kuishi Goa, akiwa amefika huko mwaka 1553. Kwa ufundi, michoro ni mizuri. Mkono wa msanii ni wa kuaminika na mpangilio wake umepimika.

Uzuri huo haumzuii mhakiki kuuliza michoro inamwambia nini anayeingia. Ukumbi wa kuingilia ni mahali ambapo jengo hujitambulisha kwa mgeni. Goa ilikuwa na masimulizi yake: maandishi ya nathari ya karne ya 16 ya visa vya Ramayana na Mahabharata katika lugha za wenyeji, yaliyonakiliwa kwa hati za Kirumi, yamehifadhiwa hadi leo katika maktaba ya umma ya Braga huko Ureno. Hayo hayakupata ukuta. Ukuta ulitolewa kwa safari ya mgeni.

Kwa msomaji wa Afrika ya Mashariki jambo hili si la mbali, kwa maana pwani yake imo katika utenzi huohuo. Msumbiji na Mombasa zinaonyeshwa kuwa makao ya hila, nayo Malindi kuwa bandari ya urafiki. Mfalme wa Malindi anamwomba da Gama amweleze habari za nchi yake, na masimulizi yanayofuata yanachukua sura tatu nzima za utenzi. Kazi kubwa ya mfalme huyo ni kuuliza na kusikiliza. Mwenyeji mwema, katika mtazamo wa utenzi, ni yule anayempa mgeni sikio lake. Mwenyeji mwenye neno lake mwenyewe huonekana mwenye hila. Kanuni hiyohiyo ndiyo iliyoendesha Taasisi ya Goa kwa muda mrefu: Kikonkani kilikuwa mfalme wa Malindi katika nyumba yake mwenyewe.

Uhusiano wa Goa na pwani hii unaonekana pia katika nyaraka. Barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa Kiswahili na kwa hati za Kiarabu, zikipelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao, zimehifadhiwa Goa, nazo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili yanayojulikana. Zilitunzwa zikiwa karatasi za utawala. Thamani yake kwa historia ya lugha ilidhihirika zilipofika mikononi mwa wasomi wa Kiswahili. Hifadhi iliyaokoa maandishi, lakini ni wajuzi wa lugha waliowarudishia waandishi wake sauti.

Jina jipya

Mwezi Desemba 1961 jeshi la India liliingia Goa na kukomesha utawala wa Wareno uliodumu miaka 451. Mwaka 1963 Taasisi ilipewa jina la Luís de Menezes Bragança (1878–1938). Uteuzi huo ulikuwa na sababu nzuri. Menezes Bragança alishiriki katika kuanzisha O Heraldo, gazeti la kwanza la kila siku la Goa, mwaka 1900, kisha akaanzisha O Debate mwaka 1911. Mwaka 1930, serikali ya Lisbon ilipotoa Sheria ya Makoloni iliyowashusha hadhi watu wa nchi zilizotawaliwa, alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria akatetea haki ya watu wa Goa ya kujiamulia mambo yao. Kuliondoa jina la nahodha na kuweka la mtu huyu kulikuwa kitendo cha haki.

Hata hivyo Menezes Bragança naye alikuwa mwandishi wa Kireno. Silaha yake dhidi ya mtawala ilikuwa lugha ya mtawala, na aliitumia kwa ustadi mkubwa. Shemeji yake, Tristão de Bragança Cunha (1891–1958), alikwenda mbele zaidi alipochapisha mwaka 1944 kijitabu kilichoeleza jinsi elimu ya Kireno ilivyowatenga Wagoa na taifa lao. Nacho kiliandikwa kwa Kiingereza. Haya hayatajwi ili kuwapunguzia heshima watu hao, ambao mmoja wao alifungwa na kupelekwa uhamishoni Ureno kwa ajili ya imani yake. Yanatajwa kwa sababu yanaonyesha jinsi mpaka wa lugha ulivyokuwa mgumu kuvukwa hata na wale walioivuka mipaka mingine yote.

Taasisi ilipobadilishwa jina, jarida nalo lilifuata jina jipya. Vigae vya Colaço vilibaki ukutani, na ni vyema kwamba havikuvunjwa, kwa kuwa ushahidi wa kosa nao ni urithi. Kireno kilirudi nyuma katika shule na ofisi, na nafasi yake kubwa ikachukuliwa na Kiingereza. Kikonkani kiliendelea kupigania hadhi yake mahali pengine: katika kura ya maoni ya mwaka 1967, ambapo watu wa Goa walikataa kuunganishwa na Maharashtra, katika Akademia ya Fasihi ya India, iliyokitambua mwaka 1975 kuwa lugha ya fasihi inayojitegemea, na mitaani, hadi sheria ya mwaka 1987 ilipokifanya lugha rasmi ya Goa. Mwaka 1992 kiliingizwa katika orodha ya lugha za katiba ya India. Ushindi huo uliletwa na waandishi, waigizaji na wapiga kura. Miaka ya baadaye maktaba kuu nayo ilipewa jina la Krishnadas Shama, mwandishi wa Goa wa karne ya 16, na hivyo jina lililo mlangoni mwake likarudi kwenye fasihi ya wenyeji.

Hitimisho

Yaliyoelezwa yanaonyesha kwamba Taasisi ya Vasco da Gama haiwezi kuhukumiwa kwa neno moja. Ilitunza maandishi, ilichapisha tafiti ambazo wanahistoria wangali wakizitumia, na iliwapa wasomi wenyeji jukwaa ambalo baadhi yao walilitumia kinyume cha jina lake. Kosa lake kubwa halikuwa chuki juu ya Kikonkani. Lilikuwa mazoea ya kukiona kuwa kitu cha kuchunguzwa, kisichoweza kuwa chombo cha uchunguzi.

Mazoea hayo hayakufa mwaka 1961, wala hayakuwa ya Wareno peke yao. Idara yoyote ya lugha za Kiafrika inayozifundisha lugha hizo, ikazifanyia sarufi na kuzikusanyia methali, kisha ikatunga hoja zake zote kwa lugha nyingine, inafanana na nyumba ile ya Panjim kuliko inavyopenda kukiri. Lugha hutoka katika hali ya kuchunguzwa siku wenyewe wanapoitumia kubishana juu ya mambo mazito, yakiwamo yale yanayoihusu lugha yenyewe. Bombay iliwapa Wagoa nafasi hiyo bila kukusudia, katika vyumba vya wapishi na kumbi za michezo. Taasisi zenye majengo, maktaba na majarida hazina udhuru wa kufanya pungufu ya hapo.